Namba ikipanda, maji hupungua: maswali yenu kuhusu vali ya shanti

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi na wagonjwa wanaoishi na shanti, ule mpira wa kupunguza maji kichwani. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: vali, yaani kifaa kinachodhibiti maji yanayopita kwenye mpira, inaweza kupandishwa au kushushwa, na nani afanye kazi hiyo? Tumejibu kwa kirefu pale penye hatari na kwa kifupi pale pasipo na mengi ya kusema. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mgonjwa kwa mikono yake.

Shikamooni. Mwanangu ana miezi 14. Aliwekewa mpira akiwa na miezi 3, na kwenye kadi wameandika Chhabra, presha ya kati. Jirani yangu ana mpwa Marekani ambaye vali yake hubadilishwa kwa sumaku bila kupasuliwa. Je, ya mwanangu inaweza kushushwa hivyo? Nauliza kwa sababu siku tatu hizi anatapika kila asubuhi, na mchana analala kuliko kawaida. – Mama wa Mwanza

Marahaba, mama. Tuanze na mwisho wa barua yako, maana ndiko kwenye haraka. Mtoto mwenye shanti anayetapika asubuhi siku tatu mfululizo na kusinzia mchana si wa kusubiri mambo ya kurekebisha vali. Apelekwe leo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo, na kadi yake pamoja na picha zake za zamani za CT ziende naye. Mpaka ithibitishwe vinginevyo, mpira huo unahesabiwa kuwa umeziba. Njiani mwangalie utosi kama haujafunga: akiwa ameketi na ametulia, utosi uliovimba na mgumu ni ishara mbaya. Macho yanayotazama chini hadi weupe ukaonekana juu ya mboni ni ishara mbaya zaidi. Na usikubali kuambiwa ni malaria au meno mpaka mpira uwe umekaguliwa. Malaria itibiwe kama kipimo kimeionyesha, ila kuwepo kwa malaria hakuthibitishi kwamba mpira ni mzima.

Sasa swali lako lenyewe. Shanti ina sehemu tatu. Kuna mrija mfupi ulioingia ndani ya chumba cha ubongo, kuna vali iliyo chini ya ngozi, mara nyingi nyuma au juu ya sikio, na kuna mrija mrefu unaopita shingoni na kifuani hadi tumboni. Kuziba hutokea mara nyingi kwenye ule mrija wa juu, ambapo nyama laini za ndani ya ubongo huingia kwenye vitundu vyake. Vali haihusiki hapo, na kuishusha hakuwezi kuzibua kitu.

Vali ya mwanao ni ya presha isiyobadilika. Nguvu ya kufunguka kwake iliwekwa kiwandani, nayo huja kwa aina tatu: ya chini, ya kati na ya juu. Hakuna sumaku wala mashine ya kuigeuza. Ikidhihirika kwamba presha ya kati haimfai, daktari humpasua na kuweka vali nyingine.

Usijione umepewa kitu hafifu. Mwaka 2005 Benjamin Warf, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, alichapisha utafiti wa watoto 195. Baadhi walikuwa wamewekewa Chhabra ya India, iliyogharimu dola 35 hivi, na wengine Codman-Hakim ya presha isiyobadilika, iliyogharimu dola 650 hivi. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Vali inayorekebishika ina faida zake, lakini kwa mtoto mchanga faida kubwa kuliko zote ni kuwahi hospitali mpira unapoziba.

Akisharudi nyumbani salama, nunua futi ya fundi cherehani isiyonyumbuka. Mpime kichwa mara moja kwa mwezi, ukipitisha futi juu kidogo ya nyusi na kwenye kisogo panapojitokeza zaidi. Pima mara tatu na uandike kipimo kikubwa. Kati ya miezi 6 na 12 kichwa cha mtoto huongezeka takribani nusu sentimita kwa mwezi, na baada ya mwaka mmoja huongezeka polepole zaidi. Kikiongezeka sentimita nzima ndani ya wiki chache, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Nairobi. Nina vali ya Strata. Niliumwa kichwa kila niliposimama, daktari akaipandisha kutoka 1.5 hadi 2.0. Nilidhani akipandisha maji yatatoka mengi zaidi. Sasa kichwa kinauma kwa namna nyingine. Alikosea?

Hapana, hakukosea kupandisha. Hilo ndilo linalochanganya watu wengi, hata baadhi ya wahudumu. Namba ya vali haihesabu maji yanayotoka. Inaonyesha ukinzani, yaani presha ambayo maji lazima yaifikie ndipo vali ifunguke. Namba ikipanda, maji yanayotoka hupungua. Ikishuka, maji hutoka zaidi.

Maumivu yako ya kwanza, ya kusimama na kutulia ukilala, ni dalili ya kawaida ya maji kutoka kupita kiasi. Ukisimama, mrija uliojaa maji kutoka kichwani hadi tumboni huyavuta maji yale ya juu, kama mtu anavyofyonza petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi hadi kwenye dumu lililo chini. Kwa mtu mzima umbali huo ni nusu mita hivi, na mvuto wake ni mkubwa kuliko presha ya kawaida ya kichwani. Strata ina kizuizi cha kupunguza mvuto huo, lakini kizuizi hakimalizi tatizo kwa kila mtu. Mvuto ukiendelea, vyumba vya ubongo hunywea, na kwa wengine maji au damu hujikusanya kati ya ubongo na fuvu.

Swali la kujiuliza sasa ni moja: maumivu mapya yanakuja ukiwa katika hali gani? Yakikuamsha alfajiri, yakizidi ukilala au ukiinama, na yakija na kichefuchefu au kuona ukungu, basi huenda 2.0 ni nyingi mno kwako. Lakini kama ni uzito mdogo tu wa kichwa unaopungua siku baada ya siku, huenda mwili bado unazoea. Wapo wanaohisi badiliko ndani ya saa chache, na wapo wanaohitaji wiki kadhaa. Kwa wiki mbili andika daftarini saa, kama ulikuwa umelala au umesimama, ukali wa maumivu kutoka 0 hadi 10, na kilichotokea ulipolala chali kwa nusu saa. Daktari atapata mengi kwenye daftari hilo kuliko kwenye neno “kinauma”. Ukitapika mara kwa mara, ukaanza kuona vitu viwili viwili au usingizi ukawa mzito kupita kawaida, acha daftari uende hospitali.

Kwa kuwa wengi mmeuliza kazi yenyewe hufanywaje, hivi ndivyo ilivyo kwa vali kama yako. Kwanza daktari huthibitisha aina ya vali kwa kadi au kwa eksirei. Kisha huipapasa vali chini ya ngozi ili ajue mwili wake mgumu uko wapi, kibonge laini kiko wapi, na maji yanaelekea upande gani. Kifaa cha kuelekeza huwekwa juu yake, mshale ukifuata mkondo wa maji kuelekea tumboni. Juu ya kifaa hicho huwekwa dira ndogo inayosoma namba ya sasa. Ikishaandikwa, dira huondolewa na sumaku ya kurekebishia huwekwa mahali pake na kuzungushwa hadi namba mpya. Sumaku huinuliwa wima. Ikiburuzwa pembeni inaweza kuigeuza vali tena. Mwisho, dira hurudishwa kusoma upya. Ni dakika chache, bila sindano wala maumivu.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni usomaji. Kifaa kikikaa upande hata kidogo, dira inatoa namba isiyo ya kweli. Ngozi iliyovimba baada ya upasuaji huongeza umbali, na dira haiifikii vali vizuri. Simu iliyoachwa mezani karibu na dira nayo huipotosha. Namba ikitia shaka, dawa ni eksirei. Kugeuza tena kwa kubahatisha hakufai. Una haki ya kuuliza, kwa adabu tu: “Daktari, tumesoma tena baada ya kugeuza?”

Jambo jingine: usilinganishe namba yako na ya mwenzako mwenye vali ya kampuni nyingine. Strata ina ngazi tano, kutoka 0.5 hadi 2.5, na hizo si milimita za maji, kipimo cha presha kinachotumika kwenye vali nyingine. Certas Plus ina ngazi nane: ngazi ya 4 ni takribani milimita 110 za maji, na ya 8 imekusudiwa karibu kuifunga kabisa. Polaris ina nafasi tano: 30, 70, 110, 150 na 200. ProGAV 2.0 huhesabu kwa sentimita za maji, kutoka 0 hadi 20. Basi 4 ya mmoja na 4 ya mwingine ni vitu viwili tofauti. Vifaa vya kurekebishia navyo haviazimani: kila vali ina vyake.

Baba yetu ana miaka 72. Alianza kutembea kwa kuburuza miguu kama imenata sakafuni, akawa anawahi choo bila kufika, na kusahau. Aliwekewa shanti inayorekebishika, na kila baada ya wiki kadhaa daktari anashusha kidogo tu. Kwa nini asiishushe yote siku moja mzee apone? – Familia, Mombasa

Kwa sababu ya damu. Katika hali hii ya wazee, vyumba vya ubongo vimepanuka ingawa presha ikipimwa huonekana ya kawaida, na ubongo wenyewe umesinyaa kidogo kwa umri. Maji yakitolewa kwa wingi ghafla, ubongo hujivuta mbali na fuvu, na mishipa midogo inayounganisha viwili hivyo hunyooshwa hadi kukatika. Damu hujikusanya taratibu, na mzee aliyekuwa ameanza kutembea vizuri hurudi kitandani.

Ndiyo maana wengi huanza na namba ya juu, kisha hushuka kwa hatua ndogo. Kwenye vali zinazohesabu kwa milimita za maji, hatua moja huwa 10 hadi 30, na wiki kadhaa hupita kabla ya hatua inayofuata. Daktari huangalia mwendo, na mara nyingi picha ya CT, kabla ya kushuka tena. Msimbishie kwa hilo.

Ninyi mna kazi yenu nyumbani. Mwekeni mzee kwenye kiti chenye mikono, pimeni mita 3 sakafuni, na muweke alama. Asimame, atembee hadi kwenye alama, ageuke, arudi na aketi, huku mmoja wenu akihesabu sekunde kwa simu na mwingine akiwa karibu naye asianguke. Fanyeni siku moja kabla ya kurekebisha, kisha kila wiki saa ileile. Mwendo ndio kwa kawaida hutangulia kuimarika, na kumbukumbu huja nyuma sana au isirudi yote. Familia zinazopima kumbukumbu peke yake hukata tamaa mapema.

Na tuambieni ukweli: anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Kama ndiyo, daktari wa shanti ajue, na asiisimamishe mwenyewe kwa ushauri wa jirani. Akianguka na kugonga kichwa, hata kama anacheka, apigwe CT. Na akianza kuumwa kichwa au upande mmoja wa mwili ukalegea baada ya kushushwa, rudini siku hiyohiyo. Ikiwa damu ni kidogo, mara nyingi daktari hupandisha namba na kuacha mwili uinyonye. Hapo ndipo vali hii inapolipa gharama yake.

Naishi Maskati. Vali yangu iko nyuma ya sikio la kulia. Navaa mtandio, siku hizi tunafunga kwa vifungo vya sumaku badala ya pini. Watoto nao wana tableti yenye kava la sumaku. Nifanye nini?

Dada, swali lako ni zuri kuliko mengi ya aina hii, kwa kuwa watu huuliza habari za maikrowevu na simu zisizo na hatia, na kusahau sumaku iliyoko sentimita moja kutoka kwenye vali.

Rudi kwenye pini za kawaida kwa upande wa kulia. Vifungo vya sumaku vina nguvu kubwa kwa udogo wake, na nyuma ya sikio ndipo vinapokaa. Ukiona lazima uvitumie, viwe upande wa kushoto, mbali na vali. Kanuni rahisi ya nyumbani ni kuweka sumaku yoyote angalau sentimita 5 kutoka kwenye vali. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali, kwa hiyo tableti iliyo mezani haina neno. Tatizo ni kulala nayo chini ya shavu, au mtoto kukuegemeza kichwani kava lake. Hedifoni kubwa zinazofunika masikio zina sumaku ndani ya spika, nazo hukaa karibu mno na vali ya nyuma ya sikio. Simu yenye duara la sumaku mgongoni iende sikio la kushoto. Wanasesere na midoli ya kunatana ihesabuni pia.

Milango ya ukaguzi uwanja wa ndege haina shida. Mkaguzi mwenye kifaa cha mkononi mwombe asikitulize juu ya vali, na umwonyeshe kadi.

Vali nyingi mpya zina kufuli la kuzuia sumaku za kawaida, kwa hiyo mtazame daktari wako usoni umuulize jina kamili la yako. Wenye vali isiyobadilika, kama Chhabra, hawana haja ya kuhofia sumaku ya mtandio hata kidogo.

Narudi Zanzibar baada ya miaka mingi Minneapolis. Nina Codman Hakim ya zamani inayorekebishika. Goti langu linahitaji MRI. Nifanye huku au huko?

Huko uliko, kabla hujapanda ndege. MRI ni sumaku kubwa, na mwili mzima huingia ndani yake au karibu nayo. Kusema ni goti tu hakubadilishi kitu. Codman Hakim ya zamani ina ngazi 18, kutoka milimita 30 hadi 200, na MRI inaweza kuisogeza. Inatakiwa isomwe baada ya kila MRI na irudishwe pale ilipokuwa. Certas Plus na Polaris zimetengenezwa zisisogee hata kwenye mashine yenye nguvu ya sumaku ya tesla 3, lakini bado tungependa zisomwe. Strata II inaweza kusogea. Ukifanya MRI mahali pasipo na kifaa chako cha kurekebishia, unaweza kukaa wiki nzima na namba ambayo hakuna aliyeichagua.

Ukifika nyumbani, ukihitaji picha ya kichwa kwa dharura, uliza kwanza kama CT itatosha. Kwa maswali mengi ya shanti inatosha. Namba ya vali yako nayo inaweza kusomwa kwa eksirei ya kawaida, ila mpiga picha aielekeze miale wima juu ya vali. Picha ya ubavu wa kichwa iliyopigwa mshazari haisomeki. Picha hiyo inaweza kutumwa kwa simu kwa daktari wako wa Minneapolis akaisoma. Kugeuza ndiko kusikowezekana kwa simu.

Beba vitu hivi ndani ya begi la mkononi: kadi yenye jina la vali, upande ilipo, namba ya sasa na tarehe iliyowekwa, picha ya CT uliyopigwa ukiwa mzima, kwenye diski na kwenye simu, na ripoti ya upasuaji. Ile CT ya ukiwa mzima ina thamani kuliko unavyodhani. Vyumba vya ubongo vya mtu mwenye shanti havifanani na vya mtu mwingine, na daktari asiyekujua hana cha kulinganisha. Kabla ya kuhamia kabisa, wasiliana na hospitali utakayoitegemea, uwatajie jina la vali, uwaulize kama wana kifaa chake. Kama hawana, mjadili na daktari wako wa sasa namba salama ya kukaa nayo muda mrefu.

Binti yangu wa miaka 9 ana mgongo wazi na shanti. Anakaa siku tano bila choo, kisha anaumwa kichwa. Je, vali ishushwe? – Morogoro

Kwanza tumbo. Mrija unamwaga maji tumboni, na tumbo lililojaa choo kigumu huongeza presha ya upande wa chini, hivyo maji hushuka kwa shida. Watoto wenye mgongo wazi hupata choo kigumu kwa sababu mishipa ya fahamu ya utumbo haifanyi kazi vizuri. Ratiba ya choo kila siku baada ya chakula, maji ya kutosha, papai, mboga za majani, na dawa ya kulainisha choo aliyopangiwa na daktari huwasaidia wengi. Lakini kichwa kikiendelea kuuma baada ya choo kutoka, au akitapika, mpira ukaguliwe. Na ukienda kokote kwa matibabu, mkumbushe mhudumu kwamba watoto hawa wengi wana mzio wa glavu za mpira wa lateksi.

Mganga mmoja alinionyesha kubonyeza kile kibonge cha vali mara ishirini kila asubuhi ili maji yatoke. Niendelee? – Kampala

Acha leo. Kibonge kile ni cha daktari kuchomea sindano nyembamba akitaka kupima presha au kuchukua maji ya maabara. Kukibonyeza mara kwa mara kunaweza kuvuta nyama za ubongo ndani ya vitundu vya mrija na kuuziba, au kutoa maji mengi kwa mkupuo. Hata kwa kujipima hakutoi jibu la kuaminika: kibonge kinachorudi vizuri kinaweza kuwa juu ya mpira ulioziba, na kinachochelewa kinaweza kuwa juu ya mpira mzima. Kama ngozi juu yake imeanza kuwa nyekundu, ina joto au inatoa majimaji, mwone daktari kesho asubuhi. Ukiwa na homa pia, nenda usiku huuhuu.